Siku 14 Baada ya Yai Kutoka: Jinsi ya Kuufuatilia Mwili Wako Hatua kwa Hatua

"Leo ni siku ya tatu tangu yai litoke, matiti yanauma na tumbo limejaa gesi. Je, nimeshika mimba?" Swali hili halikauki, na anayeuliza mara nyingi amekuwa akihesabu siku kwa roho juu. Jibu lake ni kwamba siku ya tatu mimba haijafika hata kwenye mji wa mimba, kwa hiyo haiwezi kutoa dalili. Unachokihisi ni kazi ya homoni moja, projesteroni, ambayo hupanda kila mwezi yai linapotoka, uwe umeshika au hujashika.

Ukishaelewa hilo, kinachobaki ni kujua yai lilitoka siku gani, kuhesabu kuanzia hapo bila kujidanganya, na kupima siku ambayo kipimo kina uwezo wa kusema kweli. Wengi hukosea hapo mwanzo kabisa, kwenye kuhesabu.

Nadharia ni fupi. Yai likishatoka huishi saa 12 hadi 24. Mbegu za kiume zinaweza kukaa hai ndani ya mwili wa mwanamke hadi siku 5, ndiyo maana siku za hatari huanza kabla ya yai kutoka na huisha upesi baada yake. Kifuko lilimokuwa yai hugeuka kuwa tezi ndogo ya njano inayomwaga projesteroni. Tezi hiyo huishi kwa kawaida siku 12 hadi 14. Mimba isipotunga inanyauka, projesteroni inashuka, na hedhi inakuja. Basi.

## Unachohitaji kabla ya kuanza

- Kipimajoto cha kidijitali. Kizuri zaidi ni kile kinachosoma tarakimu mbili baada ya nukta (36.45). Cha homa cha kawaida chenye tarakimu moja kinaweza kukusaidia, ila mabadiliko madogo kitayaficha. Kile cha kioo chenye zebaki kiache: kikivunjika kitandani una tatizo jingine.
- Daftari na kalamu, au programu ya simu. Ukitumia programu, iandikie vipimo halisi. Programu uliyoipa tarehe za hedhi tu inakisia siku ya yai, haiijui.
- Karatasi laini ya chooni, nyeupe, kwa ajili ya kuangalia ute wa ukeni.
- Vipimo vya mkojo vya LH, homoni inayochochea yai kutoka, ukimudu. Si lazima.
- Kipimo cha mimba cha mkojo (UPT), kimoja au viwili, na usivifungue kabla ya siku yake.
- Asidi ya foliki, mikrogramu 400 kwa siku, kama unatafuta mtoto. Huanzwa kabla ya mimba na kuendelea hadi wiki ya 12, kwa sababu uti wa mgongo wa mtoto hujengwa mapema sana, wakati wengi hawajajua kama wana mimba.

Kama unatumia sindano ya uzazi wa mpango, vidonge vya majira au kijiti cha mkononi, mwongozo huu haukuhusu kwa sasa, kwa kuwa njia hizo huzuia yai au huchezesha homoni, na chati yako, yaani rekodi ya joto na ute, haitakuwa na maana. Ukiacha sindano ya miezi mitatu, yai linaweza kuchelewa kurudi kwa miezi kadhaa. Kitanzi cha shaba hakizuii yai kutoka, kwa hiyo chati yake inasomeka.

## Hatua

### 1. Andika siku ya kwanza ya hedhi

Siku ya 1 ya mzunguko ni ile damu inapotoka ya kutosha kuhitaji pedi. Matone ya rangi ya kahawia ya siku moja kabla yake hayahesabiwi. Ukikosea hapa, chati nzima inasogea.

### 2. Pima joto kila alfajiri kabla hujainuka

Weka kipimajoto chini ya mto au mahali mkono unafika ukiwa umelala. Ukiamka, kabla ya kuongea, kunywa maji, kwenda chooni au kushika simu, kiweke chini ya ulimi upande wa nyuma, funga mdomo, subiri mlio. Andika hapohapo, maana namba ya alfajiri husahaulika kabla chai haijachemka.

Pima saa ileile kila siku, isipishane zaidi ya nusu saa, na uwe umelala angalau saa 3 mfululizo. Mwezi wa Ramadhani pima unapoamka kula daku, kabla hujanyanyuka, na ushike saa hiyo mwezi wote. Mtu wa zamu ya usiku apime baada ya usingizi wake mrefu wa siku, hata kama ni saa nane mchana, mradi saa isibadilikebadilike.

Usipime kwapani leo na mdomoni kesho. Kwapa hutoa namba ya chini na isiyotulia.

### 3. Angalia ute kila siku, kabla ya kukojoa

Jipanguse kwa karatasi kutoka mbele kwenda nyuma. Kilichobaki kwenye karatasi kichukue kati ya kidole gumba na cha shahada, kisha vitenganishe polepole.

Siku za kukaribia yai, ute unateleza, unang'aa kama ute wa yai bichi la kuku na unavutika sentimita kadhaa bila kukatika. Yai likishatoka, ndani ya siku moja au mbili unabadilika: unakuwa mzito, mweupe au wa rangi ya maziwa, unanata kidogo kwenye vidole kisha unakatika papo hapo. Wengine hukauka kabisa. Huo ute mweupe mzito ndio unaoleta maswali mengi, wengi wakidhani ni ute wa mimba. Ni projesteroni inayoziba mlango wa kizazi, na hufanya hivyo kila mwezi.

Usiangalie ute baada ya tendo la ndoa au asubuhi inayofuata, maana shahawa huteleza na zitakudanganya. Na usijisafishe ndani kwa sabuni, ndimu au maji ya kitu chochote. Unaondoa bakteria wanaokulinda na unakaribisha maambukizi.

### 4. Thibitisha kuwa yai limetoka, kisha weka "siku ya 0"

Hii ndiyo hatua ya kukaa nayo. Baada ya yai kutoka, joto la alfajiri hupanda kwa nyuzi 0.2 hadi 0.5 na kubaki juu. Kanuni ni hii: tafuta siku 3 mfululizo ambazo joto lake liko juu kuliko siku 6 zilizotangulia, na ile ya tatu iwe juu angalau nyuzi 0.2 kupita kubwa kuliko zote katika zile sita.

Tuchukue mfano. Hedhi ilianza Machi 3. Vipimo vya Machi 15 hadi 20 vilikuwa:

36.35, 36.40, 36.30, 36.45, 36.40, 36.35

Machi 21, 22 na 23:

36.65, 36.70, 36.75

Kubwa katika zile sita ni 36.45. Zote tatu za mwisho ziko juu yake, na 36.75 imeizidi kwa 0.3. Yai limetoka, na siku inayoelekea zaidi ni ile ya kabla ya joto kupanda, Machi 20. Hiyo ndiyo siku ya 0. Machi 21 ni siku ya 1 baada ya yai, na kuanzia hapa "siku ya" fulani katika vichwa vya hatua ni ya hesabu hii.

Angalia pia kwamba Machi 20 ilikuwa siku ya 18 ya mzunguko. Mtu huyu angehesabu "siku ya 14" kama alivyofundishwa shuleni, angejikuta amekosea kwa siku 4, angepima mimba mapema siku 4, angepata hasi na kulia bure. Siku ya 14 ni ya mwenye mzunguko wa siku 28, tena si kila mwezi.

Ukitumia vipimo vya LH, yai hutoka takriban saa 24 hadi 36 baada ya homoni hiyo kupanda. Mstari wa kipimo lazima uwe umekolea sawa na wa rejea au zaidi. Mstari hafifu ni hasi, tofauti kabisa na kipimo cha mimba. Lakini LH inaonyesha mwili umejaribu. Joto ndilo linaloonyesha kuwa umefanikiwa.

Maumivu ya upande mmoja chini ya kitovu, ya dakika chache hadi siku moja au mbili, huwapata baadhi ya wanawake karibu na siku ya 0. Yanasaidia kukisia, hayathibitishi. Yasipokuwepo, yai limetoka vilevile.

### 5. Siku ya 1 hadi ya 5: zima masikio kwa habari za mimba

Kama mbegu imekutana na yai, hilo yai lililorutubishwa bado linasafiri kwenye mrija, au ndiyo kwanza limeingia kizazini bila kujishikiza. Damu yako haina habari nalo. Utakachokiona siku hizi ni:

- joto lililo juu kidogo, pengine kuhisi fukuto usiku kuliko kawaida;
- matiti kujaa na kuuma pembeni, upande wa kwapa hasa;
- usingizi wa mchana, kwa sababu projesteroni hutuliza ubongo;
- tumbo kujaa na choo kuwa kigumu, kwa sababu homoni hiyo hulegeza misuli ya utumbo na chakula kinakwenda taratibu.

Vyote ni ushahidi wa jambo moja tu, kwamba yai limetoka. Na asiyehisi hata kimoja hana kasoro.

Kwa choo kigumu, ongeza maji, papai, mboga za majani na ugali wa dona. Tumbo likijaa, punguza chumvi na soda. Matiti yanayouma hutulizwa na sidiria inayoshika vizuri, hata usiku. Kwa maumivu kunywa parasetamoli: vidonge 2 vya miligramu 500, usirudie kabla ya saa 6, visizidi 8 kwa siku. Ibuprofeni na diklofenaki ziache kama unatafuta mimba.

Dawa za "chango" na za "kusafisha kizazi" usiguse katika siku hizi. Hujui kilichomo wala kiasi, na baadhi ya mitishamba husukuma kizazi kujikaza.

### 6. Siku ya 6 hadi ya 10: kipindi ambacho mimba hujishikiza

Kama ipo, mimba hujishikiza kwenye ukuta wa kizazi kati ya siku ya 6 na ya 12, kwa wengi siku ya 8, 9 au 10. Ikishajishikiza ndipo homoni ya hCG, ile inayosomwa na kipimo cha mimba, inaanza kumwagwa, kidogo sana mwanzoni, ikipanda karibu mara mbili kila baada ya siku mbili.

Projesteroni nayo iko kileleni karibu na siku ya 7. Ndiyo maana dalili huzidi wakati huohuo ambao mtu anategemea mimba, na ndiyo maana zinadanganya hivyo. Chunusi, njaa ya ghafla, hasira za karibu, machozi yasiyo na sababu: projesteroni tena.

Unaweza kuona tone moja la rangi ya waridi au kahawia. Wengi wanaoshika mimba hawalioni kabisa, na wengi wanaoliona hawajashika. Andika kwenye daftari, uendelee na siku yako. Vivyo hivyo joto likishuka siku moja kisha likapanda tena: hutokea hata kwa wasio na mimba, kwa sababu estrojeni, homoni nyingine ya kike, hupanda kidogo katikati ya kipindi hiki.

Kama daktari amekuandikia kipimo cha damu cha projesteroni "siku ya 21", mwonyeshe chati yako. Kipimo hicho kinatakiwa kufanyika siku 7 baada ya yai kutoka. Siku ya 21 ya mzunguko inamfaa mwenye mzunguko wa siku 28. Mwenye wa siku 35 ni siku ya 28. Wanawake wengi wameambiwa hawatoi yai kumbe damu ilichukuliwa mapema. Majibu yanayozidi nanogramu 3 kwa mililita yanaonyesha yai limetoka.

### 7. Siku ya 11 hadi ya 14: angalia joto kuliko tumbo

Tumbo kuvuta kwa chini, kiuno kuuma, kuhisi kama hedhi inakuja: haya hutokea hedhi inapokuja kweli na hutokea mimba ikiwepo. Hayatenganishiki kwa kuhisi.

Joto husema zaidi. Likishuka hadi kiwango cha kabla ya yai, hedhi kwa kawaida inafuata ndani ya siku moja au mbili. Likibaki juu kwa siku 18 mfululizo au zaidi, uwezekano wa mimba ni mkubwa.

Hesabu siku kuanzia siku ya 1 baada ya yai hadi ya kabla ya damu, uandike. Namba hii haibadiliki sana kwa mtu mmoja: mwenye siku 13 atakuwa na 12, 13 au 14 miezi mingi. Ukiijua yako baada ya miezi mitatu, hutashtushwa tena na "hedhi kuchelewa" wakati kilichochelewa ni yai.

### 8. Pima mimba siku ya 14, na mkojo wa kwanza wa asubuhi

Kwa mfano wetu, siku ya 14 ni Aprili 3.

1. Angalia tarehe ya mwisho wa matumizi na kama pakiti haijatoboka.
2. Kojoa kwenye chombo safi na kikavu. Usinywe maji mengi usiku wa manane.
3. Chovya kijiti hadi kwenye mstari wa mwisho, usiupite, kwa sekunde zilizoandikwa kwenye pakiti.
4. Kilaze mahali tambarare, soma dakika ya 5.
5. Mistari miwili, hata mmoja ukiwa hafifu lakini una rangi, ni chanya. Rudia baada ya siku 2, mstari unatakiwa kukolea.
6. Ikipita dakika ya 10, kitupe. Mstari wa kijivu unaojitokeza baada ya saa nzima ni mkojo uliokauka. Kijiti kilichofukuliwa jioni kwenye ndoo ya taka hakina jibu.

Ukipima siku ya 8 na kupata hasi, hujapata jibu lolote. Umetumia kijiti tu.

## Mambo yanapokwenda kombo

Joto linaruka juu na chini bila mpangilio. Kagua saa ya kupima, kulala kinywa wazi, pombe ya jana, kuamka mara nyingi kunyonyesha, safari. Siku yenye sababu izungushie duara na usiiweke kwenye hesabu ya zile sita. Kipimajoto chenye betri inayokufa nacho hufanya hivi.

Kipimo kimeonyesha 37.5 au zaidi. Yai kutoka hakuleti homa. Nenda kapime malaria na umwambie mhudumu kuwa huenda una mimba, ili akuchagulie dawa inayofaa.

LH ni chanya siku nyingi, joto halipandi. Mwili unajaribu bila kufanikiwa. Huonekana sana kwa wenye vifuko vingi kwenye ovari. Miezi miwili au mitatu ya chati ya namna hii ipeleke kwa daktari wa wanawake.

Joto limepanda, lakini hedhi inakuja kabla ya siku ya 10 au siku yenyewe ya 10. Mwezi mmoja si tatizo. Ikijirudia, omba kuchunguzwa, pamoja na tezi ya shingo na prolaktini, homoni ya kutengeneza maziwa.

Siku ya 16, hakuna hedhi, kipimo hasi. Huenda siku ya 0 uliiweka mapema. Rudi kwenye hatua ya 4, kisha pima tena baada ya siku 3. Ikifika wiki nzima, nenda kituo cha afya kwa kipimo cha damu.

Ulichomwa sindano ya hCG ya kupasua yai. Dawa hiyo yenyewe hutoa chanya ya uongo hadi takriban siku 14. Fuata tarehe uliyopewa kliniki.

Unatumia projesteroni ya vidonge au ya kuweka ukeni. Itashikilia joto juu na inaweza kuchelewesha hedhi, kwa hiyo chati haisemi kitu. Usiache dawa kwa sababu ya hasi ya nyumbani kabla hujaongea na aliyekuandikia.

Ulimeza P2 (kidonge cha dharura cha kuzuia mimba) mwezi huu. Mzunguko unaweza kusogea mbele au nyuma. Anza chati upya hedhi ijayo. Hedhi ikichelewa zaidi ya wiki, pima.

Unataka kuzuia mimba. Usitegemee chati hii peke yake. Joto hupanda baada ya yai kutoka, wakati siku za hatari zimeshapita. Njia ya kalenda na ute inafaa ikifundishwa na mhudumu wa uzazi wa mpango aliyeisomea.

## Usisubiri chati, nenda hospitali

- Maumivu makali ya upande mmoja wa tumbo, hasa yakiambatana na damu, kizunguzungu, kuzimia au maumivu ya ncha ya bega. Mimba iliyotunga nje ya kizazi huua, na inaweza kuwepo hata kama unaona damu kama ya hedhi. Nenda siku hiyohiyo, hata usiku.
- Kujaza pedi kila saa kwa saa mbili mfululizo.
- Ute wa kijani, wenye harufu ya samaki, au mzito kama maziwa mgando pamoja na kuwashwa. Huo ni ugonjwa unaotibika.
- Huzuni nzito inayokuja kila mwezi kabla ya hedhi hadi ukashindwa kazi, au ukapata mawazo ya kujidhuru. Mwambie mtu wa karibu leo, na mwone daktari. Ina jina na ina tiba.

Kama una umri chini ya miaka 35 na mmejaribu miezi 12 bila mimba, au una 35 na kuendelea na mmejaribu miezi 6, nendeni kliniki nyote wawili. Beba daftari lako lenye chati za miezi mitatu ya mwisho, na mwenzio akapimwe mbegu wiki hiyohiyo, maana mara nyingi mwanamke huchunguzwa miaka mizima kabla mwanaume hajaombwa kikopo kimoja.